Hajawahi Kula Yai

Bweni la Wasichana, Bunda
Jumapili, 13 Aprili 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila uji wa asubuhi bado una madonge kama nilivyokuambia likizo. Barua hii anakuletea Mama Twalha, yule anayekuja Bukima kila Alhamisi kununua dagaa. Ameniahidi kuiweka kwenye pochi na si kwenye gunia. Kama inanuka dagaa, ujue alisahau.

Baba aliniambia kwa simu ya matroni kwamba mdogo wako, Bibi Eufrasia, anaumwa huko Jinja, Uganda, na kwamba mahujaji wa parokia wanaokwenda Namugongo wamekubali kukuchukua kwenye basi lao tarehe 30 Mei na kukushusha njiani. Nilitaka kuuliza mengi, lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wasichana wapatao ishirini, wote wanasikiliza. Mimi nikisikilizwa maneno yananikimbia. Kwenye karatasi hayakimbii.

Bibi, sikujua kama una mdogo wako aliye hai. Jina la Eufrasia nalifahamu kwa sababu unalitajaga kwenye sala ya jioni, baada ya babu na kabla ya mvua. Siku zote nilidhani ni marehemu.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Je, unayo kadi ya njano? Ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na Uganda wanaidai mpakani. Nimesoma maktaba, kisha nikamuuliza mwalimu wa Baiolojia. (Ilinichukua siku mbili kumfuata. Siku ya kwanza nilifika mlangoni kwake nikajifanya natafuta chaki.) Amesema chanjo hiyo huchomwa mara moja tu na inatosha maisha yote, lakini kadi huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa. Kwa hiyo mwisho wako wa kuchomwa ni tarehe 20 Mei. Amesema pia kwamba mtu aliyezidi miaka sitini hachomwi hivi hivi tu. Daktari anamuuliza maswali kwanza, kwa sababu kuna wazee wachache ambao chanjo hii imewahi kuwaletea madhara. Wewe una sabini na tatu, kwa hiyo jibu maswali yote kwa ukweli na usifiche ugonjwa wowote hata kama ni mdogo.

Niandikie ukishachomwa, nisije nikakaa nahesabu siku.

Mjukuu wako,
Recho


Bukima
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Kwa mjukuu wetu Recho, binti Mniko,

Marahaba. Anayeshika kalamu ni mimi, Mzee Thadeo, katekista mstaafu, kwa niaba ya bibi yako Gaudensia, ambaye anasema macho yake hayapatani na herufi ndogo. Barua yako nilimsomea mara mbili. Ilinuka dagaa.

Bibi yako anasema anashukuru kwa kumkumbuka, na anasema usimfuate fuate mwalimu mwanamume ofisini peke yako hata kama ni kwa ajili ya Baiolojia.

Kuhusu chanjo, nakujulisha kwamba Jumanne baada ya Pasaka nilimsindikiza mimi mwenyewe hadi Musoma. Tulishuka stendi ya Bweri, tukachukua bodaboda mbili, tukafika wanapochoma wasafiri. Nesi alikuwa binti mdogo lakini mwenye heshima. Alikuwa na fomu. Akamuuliza bibi yako umri, kama ana kisukari, kama anatumia dawa za muda mrefu, kama amewahi kuugua sana baada ya sindano. Yote akajibu vizuri. Kisha akamuuliza, "Bibi, mayai yanakudhuru?"

Bibi yako akanyamaza. Nikaona labda hakuelewa, maana na mimi nilishangaa mayai yameingiaje kwenye mambo ya mipaka. Basi nikamsaidia. Nikasema, "Binti yangu, huyu mama hajawahi kula yai tangu azaliwe. Kwao mwanamke kula yai ni mwiko."

Nesi akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba chanjo hiyo inatengenezwa kwa kutumia mayai ya kuku, na mtu ambaye mwili wake unayakataa mayai anaweza kupata hatari kubwa. Mtu anayeyala bila shida hana neno. Ila mtu ambaye hajawahi kuyala kabisa, nani ajuaye? Akamwita daktari. Daktari akasema kwa umri huo, na kwa swali hilo la mayai lisilo na jibu, yeye hawezi kumchoma. Anachoweza ni kumwandikia barua yenye mhuri ya kumsamehe chanjo, aionyeshe mpakani. Bibi yako akasema atafikiri. 

Naongeza neno langu mwenyewe. Katika siku hizi ambapo kila msichana anakula chochote, ni jambo la kujivunia kuwa na bibi aliyeushika mwiko wa wazee wake miaka sabini na tatu bila kuteleza. Jifunze kwake.

Bibi yako anakusalimu.

Kwa mkono wa Thadeo


Bunda
Jumapili, 27 Aprili 2025

Bibi mpendwa, na Mzee Thadeo anayenisomea,

Shikamooni.

Bibi, nimefurahi sana. Najua inaonekana kama habari mbaya lakini ni nzuri. Barua ya kusamehewa chanjo ni kitu halali kabisa, nimeisoma kwenye kitabu cha afya ya wasafiri alichoniazima mwalimu. (Aliniletea maktaba mbele ya watu wote, usiwe na wasiwasi.) Daktari anaandika jina lako, namba ya hati yako ya kusafiria, na sababu kwa nini hukuchomwa. Sababu yako itakuwa umri pamoja na mayai. Maafisa wanaweza kukuweka kando na kukuuliza, kwa hiyo muombe daktari aiandike kwa Kiingereza na apige mhuri vizuri, usiwe umefifia. Ukifika huko ulale kwenye chandarua na uvae mikono mirefu, hata mchana, kwa sababu mbu wa ugonjwa huu wanauma mchana. Ukifanya hivyo umekwenda Jinja bila hatari ya sindano. Yaani ule mwiko umekuletea njia rahisi.

Niliwaza jambo hili prepu nzima badala ya kufanya Hesabu. Ni ajabu kwamba swali la mpakani linaingia mpaka jikoni kwa mtu.

Bibi, naomba nikuambie kitu, na Mzee Thadeo asikasirike. Mimi nimekula yai. Ilikuwa mwaka jana kwa Shangazi kule Mwisenge, lilikuwa kwenye chipsi, nikaona aibu kulikataa mbele ya wageni. Halikunifanya kitu. Baada ya hapo nimekula mengine mawili. Sikukuambia kwa sababu sikutaka ujisikie vibaya, na kila ukinipakulia chakula nilikuwa nakumbuka. Sasa nimesema.

Kwa nini hasa yalikatazwa? Nani alikukataza wewe?

Wako,
Recho


Bukima
Alhamisi, 8 Mei 2025

Kwa Recho,

Marahaba. Bibi yako ameniambia niandike kwa kifupi, naye amekaa hapa anaangalia kama ninaandika kwa kifupi.

Anasema hataki hiyo karatasi ya daktari. Nimemuuliza sababu, akasema niandike kwamba macho yanamuuma. Nikamwambia macho hayahusiani na karatasi. Akasema niandike hivyo hivyo.

Anasema huenda safari isiwepo. Jinja ni mbali, na miguu yake unaijua.

Kuhusu mayai uliyokula, anasema, "Mwambie ale." Mimi sikubaliani, lakini nimeandika alivyosema.

Swali lako la mwisho hakulijibu.

Kwa mkono wa Thadeo


Bunda
Jumapili, 11 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo.

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili nimechana.

Baba amepiga simu tena. Amesema binti mmoja aliyelelewa na Bibi Eufrasia amempigia kutoka Jinja, na kwamba mgonjwa hali kitu zaidi ya uji, na kila basi likisimama barabarani anauliza kama dada yake amefika. Amesema anauliza hivyo kila siku. Baba alidhani utakuwa umeshapata barua ya daktari. Nilishindwa kumwambia kwamba umeikataa, kwa sababu sijui ningesema ni kwa nini.

Mahujaji wanaondoka tarehe 30. Zimebaki siku tisa kufika tarehe 20, kama ukitaka kumuomba daktari akufikirie tena chanjo. Kama ukitaka karatasi, unaweza kuichukua hata siku ya mwisho. Njia zote mbili ziko wazi na wewe umekaa katikati.

Nisamehe kama nakukosea adabu. Kila jioni unamtaja kwenye sala. Kama hutaki kumuona, unamwombea nini? Na kama humpendi, basi mtu amwambie aache kuuliza mabasi.

Ningekuwa mbele yako nisingeweza kusema haya. Unajua.

Recho


Bukima
15 Mei

Recho mjukuu wangu.

Marahaba.

Leo naandika mwenyewe. Herufi ni kubwa na mistari inapanda mlima, vumilia. Nilisoma mpaka darasa la nne na kuandika sikusahau. Macho yanaona. Nilikuwa namtumia Thadeo kwa sababu mtu akikuandikia, unasema yale tu yanayosemeka mbele yake.

Umeniuliza namwombea nini. Nitakuambia.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, Eufrasia tisa. Mayai nyumbani yalikuwa ya kuangulia na ya wageni wanaume. Msichana akila yai ilisemwa tumbo litafunga, hatazaa. Bibi yetu ndiye alikuwa anatuambia, na alikuwa anatuambia kila kuku akitaga, kwa hiyo nilikuwa natamani yai kila kuku akitaga. Siku moja walikwenda msibani. Eufrasia alikuwa nje anachunga vifaranga. Nilichukua yai moja, nikalichemsha kwenye kopo la maziwa, nikalila nimesimama nyuma ya mlango. Maganda nikayafukia kwenye majivu ya jiko.

Bibi alipotoa majivu akayaona. Akatuita wote wawili. Alianza kumuuliza Eufrasia kwa sababu kuku walikuwa kazi yake. Eufrasia akacheka. Alikuwa hivyo, akiulizwa jambo lolote alicheka kwanza ndipo ajibu. Bibi akasema, "Anayecheka ndiye." Akampiga. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Sikusema ni yeye. Sikusema ni mimi. Nilinyamaza tu.

Nilidhani yataisha. Fimbo ziliisha. Neno halikuisha. Aliolewa upande wa Butiama, akakaa miaka minne bila mtoto. Mtu wa huku akawapelekea wakwe habari ya yai. Wakamrudisha nyumbani. Hapa nyumbani wakamkataza kubeba watoto wa watu. Watoto wangu mimi, Recho. Nilikuwa nao wawili na mimba ya tatu, ndiye baba yako. Eufrasia alikuwa ananipikia, ananiteka maji ziwani, lakini watoto wangu asiwaguse mkono. Siku moja akaondoka na mtumbwi wa wafanyabiashara wa samaki, akavuka Uganda. Hakurudi.

Mimi niliyekula yai nimezaa watoto saba. Kila niliyemzaa alikuwa shahidi kwamba wale wazee walisema uongo, na kila niliyemzaa nilinyamaza tena. Yule nesi aliponiuliza kama mayai yananidhuru nilikuwa na jibu, nimelibeba miaka sitini. Thadeo akanijibia. Nikamwacha. Nilijisikia nimesimama palepale kwenye majivu.

Sasa unaelewa ile karatasi. Daktari ataandika kwa Kiingereza na mhuri usiofifia kwamba mimi sijawahi kula yai. Nitampelekeaje Eufrasia karatasi hiyo?

Na kuchomwa siwezi mpaka niseme nimelila. Nikisema Musoma, Thadeo atajua, na akijua Thadeo imejua Bukima yote. Nimezeeka hapa nikiwa mwanamke mwema aliyeshika mwiko. Mabinti wananitaja kama mfano. Ni aibu kukuambia kwamba hata sasa naogopa kulipoteza jina hilo kuliko sindano.

Usimwambie baba yako kabla sijamwambia mwenyewe.

Bibi yako,
Gaudensia


Bunda
Ijumaa, 16 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo.

Mama Twalha anarudi Bukima kesho kuchukua mzigo uliobaki. Ameniambia niandike upesi, ananisubiri getini na matroni anatutazama vibaya.

Nimesoma barua yako mara nne. Nilikasirika, Bibi. Nakuambia ukweli kwa sababu na wewe umeniambia. Nilikwenda kukaa nyuma ya bwalo na nikamuwaza mtoto wa miaka tisa anayecheka. Kisha nikawaza jinsi ninavyonyamaza mimi. Mwaka jana walimwadhibu mwenzangu wa kitanda cha juu kwa ajili ya kitabu kilichochanwa, na nilimjua aliyekichana, na sikusema kwa sababu ingebidi nisimame mbele ya darasa. Alisafisha vyoo wiki mbili. Sikuwa na miaka kumi na tatu. Nilikuwa na kumi na sita, na nimesoma vitabu vingi.

Kwa hiyo sina cha kukufundisha. Nitasema yale tu ninayoyajua.

Nesi hahitaji hadithi nzima. Anahitaji kujua kama uliwahi kula yai na kama lilikufanya kitu. Ukimwambia ulikula na hukudhurika, swali la mayai limepata jibu. Litabaki swali la umri, na hilo ni la daktari. Akupime, akueleze hatari, na uamue mwenyewe. Usikubali kuchomwa kwa sababu ya aibu tu, wala kwa sababu ya barua yangu kali. Niliandika nikiwa sijui.

Na Mzee Thadeo unaweza kumwacha nje. Wagonjwa wana haki ya kuongea na daktari peke yao. Nimeisoma ukutani kwenye zahanati ya shule.

Bibi Eufrasia bado anauliza mabasi.

Mjukuu wako,
Recho


Bukima
Alhamisi, 22 Mei 2025

Kwa Recho, binti Mniko,

Barua hii ni yangu mwenyewe. Bibi yako hajanituma.

Nimewaandikia watu wa kijiji hiki barua kwa miaka thelathini na moja. Za mahari, za misiba, za kuomba nafasi za shule. Sijawahi kuona mtu akilifuta neno langu mbele ya watu. Jumatatu imetokea.

Tulifika Musoma asubuhi. Nilitaka kuketi nje kwa sababu nesi alisema mgonjwa aingie peke yake. Bibi yako akanishika mkono wa shati, akasema, "Thadeo, ingia. Wewe ndiye uliyejibu." Nikaingia. Nesi alikuwa yule yule, akafungua fomu ile ile. Bibi yako hakusubiri aulizwe. Akasema, "Mwanangu, futa ulichoandika. Huyu mzee alisema anachokijua. Mimi yai nililila nikiwa msichana, zima, nikamaliza, wala sikuwashwa ulimi."

Nesi akacheka kidogo, akadhani ni jambo la kuchekesha. Akafuta. Daktari akaja akampima shinikizo la damu, akamuuliza tena magonjwa yote, akamweleza kwamba kwa wazee hatari ipo ingawa ni ndogo, na kwamba hata sasa anaweza kumpa ile barua ya msamaha kwa sababu ya umri peke yake, bila neno la mayai. Nami nikaona hapo ndipo pa kutokea kwa heshima. Bibi yako akauliza, "Ukanda huo wa Jinja, huo ugonjwa upo?" Daktari akasema upo. Akasema, "Basi choma. Mdogo wangu ana mgonjwa mmoja tayari, ambaye ni yeye. Sitaki kumpelekea wa pili." Akachomwa. Mkono ulimuuma, homa ikaja siku mbili, jana amelima.

Njiani kurudi nilimuuliza yai hilo lilikuwa lipi. Nilimuuliza kwa mzaha, Recho. Akaniambia lilikuwa lile la Eufrasia.

Siku mbili sikwenda kwake. Sikuwa na hasira. Nilikuwa namkumbuka mama yangu mzazi. Butiama ndiko kwao. Nilikuwa kijana, nilikuwepo siku aliporudi kutoka kuwasalimia ndugu zake, akisimulia jinsi alivyowaambia wakwe wa Eufrasia habari ya yai. Alisimulia kama mtu aliyefanya wema. Na mimi nilicheka.

Kijijini sijamwambia mtu. Lakini leo asubuhi bibi yako alisema mwenyewe, pale wanapoanika dagaa, mbele ya wanawake kumi na tano. Mmoja akamwambia, "Mama Mniko, siku zote hizo!" Wengine hawakumwitikia alipoaga. Najua kwa sababu mke wangu ni mmoja wao.

Tarehe 30 nitakaa naye kiti kimoja kwenye basi. Nimeona ujue.

Thadeo


Jinja
4 Juni, alfajiri

Recho wangu,

Marahaba.

Basi la mahujaji linarudi leo na litapita hapa saa nne. Barua hii nitaifunga kwa gundi nimpe Thadeo. Tulipoagana alisema hataifungua hata isipofungwa. Mimi nabaki huku kwanza.

Mpaka wa kwanza tulipita Sirari, wa pili Busia. Huko Busia kijana wa afya aliitazama kadi yangu zaidi ya alivyonitazama mimi. Akaangalia tarehe, akaangalia mhuri, akanirudishia. Basi. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa habari za mayai, nimezipanga vizuri, hakuna aliyeuliza.

Nilifika Jumamosi. Ana nyumba ndogo, safi, karibu na barabara. Amekonda, upande mmoja wa mwili umelala, lakini maneno anayo. Aliponiona akacheka. Bado anacheka kwanza.

Nilimwambia siku hiyo hiyo, kabla sijavua kanga ya safari, kwa lugha yetu ya nyumbani. Niliogopa kwamba nikinywa chai yake kwanza sitasema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia ukuta. Nilidhani ni kwa muda tu. Alikaa Jumapili nzima, Jumatatu nzima na jana mchana kutwa hajanisemesha. Yule binti aliyelelewa naye alikuwa ananipa chakula na kuniangalia kwa huruma. Nilimwogesha Eufrasia, akakubali kuogeshwa, lakini uso ukutani. Sikumlaumu. Nilifua nguo zake. Nilikaa.

Jana jioni akaniuliza, bila kugeuka, "Lilikuwaje?"

Nikamuuliza ni nini.

"Yai. Lilikuwaje?"

Recho, nilitaka kumwambia lilikuwa tamu au baya, nikakuta sijui. Nikamwambia nililila haraka, nimesimama, nikisikiliza miguu ya watu. Halikuwa na chumvi. Sikumbuki zaidi ya hapo.

Ndipo akageuka. Akasema, "Mimi sijawahi kula. Mpaka leo. Huku watu wanakula mayai kila siku, wamenipa mara ngapi, nakataa. Wanadhani nafuata mwiko. Nilitaka lile neno lao libaki uongo. Kila siku niliyoacha kula, lilikuwa bado uongo."

Kisha akalia, na mimi nikalia, na yule binti akaenda nje.

Baadaye alitaka kujua mambo ya Bukima, nani amekufa na nani anaishi kwenye boma la nani. Akauliza kama akipata nafuu anaweza kuja kuliona ziwa kwa upande wetu. Nikamwambia na Tanzania wanadai ile kadi ya njano kwa anayetoka huku. Atapimwa, ataulizwa umri, ataulizwa dawa, na ataulizwa mayai. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Safari hii nitakuwa na jibu langu."

Nilimwambia asifanye haraka, mwili wake ni mgonjwa. Akasema amesubiri tangu ana miaka tisa. Jirani wa mlango wa pili ni nesi, nimemuomba akae nasi, amekubali, amekuja na kiti chake.

Nimenunua mayai mawili na chumvi. Nimemkalisha, nimemwekea mito mgongoni. Anaangalia jiko.

Maji yameanza kuchemka, naishia hapa.

Bibi yako,
Gaudensia